Nyota Zisizohesabika na Mungu Anayezihesabu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Isa. 40:25–31, Kum. 4:19, Lk. 16:10; Kol. 1:15–17, Ebr. 11:3; Ayu. 38:4–7, Mwa. 1:1–19, Zab. 8, Lk. 15:3–7.

Fungu la Kukariri: Zaburi 147:3, 4. Lisome katika Biblia yako kila siku juma hili, kisha likariri pamoja na darasa siku ya Sabato.

Mwanafunzi wa sekondari anarudi nyumbani na daftari lake la fizikia. Amefundishwa kwamba nuru husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja, na kwamba hata kwa mwendo huo nuru ya galaksi ya Andromeda huchukua miaka milioni 2.5 hivi kutufikia. Sabato anaketi darasani, Mwanzo sura ya 1 inasomwa, naye anainua mkono: “Mwalimu, sasa nishike lipi?” Mara nyingine hujibiwa kwamba maswali ya namna hiyo ni ya watu wenye mashaka. Mara nyingine darasa hucheka. Kijana hushusha mkono wake. Wapo ambao, baada ya muda, waliiweka chini na Biblia pia.

Galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, gesi na vumbi, ulioshikwa pamoja kwa nguvu ya uvutano. Jua letu ni nyota mojawapo katika galaksi iitwayo Njia Nyeupe. Andromeda ndiyo galaksi kubwa iliyo jirani nayo. Umbo lake ni kama sahani bapa, na mikono yake imejizungusha kutoka katikati kama donge la chapati lililoviringwa kabla ya kusukumwa. Juma hili tutajifunza yale ambayo wanaastronomia wamegundua kwa kuitazama galaksi hiyo, na yale ambayo Neno la Mungu linasema juu ya Yeye aliyeiumba. Tutafika pia kwenye swali la kijana yule, wala hatutalikwepa.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI

Inua Macho Yako

Soma Isaya 40:25–27. Watu walioambiwa wazitazame nyota walikuwa na malalamiko gani katika fungu la 27? Kwa nini Mungu aliwajibu kwa kuwaonyesha mbingu?

Ujumbe huu uliandikwa kwa ajili ya watu ambao wangechukuliwa mateka Babeli. Huko nyota ziliheshimiwa kama miungu, na wako waliojipatia riziki kwa kuzisoma ili kutabiri mambo ya watu (Isa. 47:13). Mateka wangeweza kudhani kwamba miungu ya Babeli imeshinda na kwamba Mungu wao hajui tena njia yao. Isaya hawakatazi kutazama juu. Anawaambia watazame vizuri zaidi, wamwone Yeye anayeziongoza nyota kama jemadari anayeijua kila askari wake kwa jina.

Soma Kumbukumbu la Torati 4:19. Kuna tofauti gani kati ya kuzichunguza nyota na kuzitumikia?

Tofauti hii ni muhimu leo. Unajimu hudai kwamba nyota huamua ndoa, biashara na afya ya mtu, nao ni ibada ya kitu kilichoumbwa. Astronomia hupima nyota zilivyo: ziko mbali kiasi gani, zina joto gani, zinakwenda upande gani. Mkulima wa zamani wa Afrika Mashariki aliyetazama Kilimia ili ajue majira ya kulima hakuwa akikiabudu. Alikuwa akisoma saa ambayo Muumbaji aliiweka angani (Mwa. 1:14, Amo. 5:8).

Andromeda inaonekana kwa macho matupu, hata kwetu. Katika jioni za Oktoba hadi Desemba, mahali pasipo na taa za mji na usiku usio na mbalamwezi, mtazame upande wa kaskazini. Katikati ya Novemba, yapata saa tatu usiku, huwa imepanda karibu nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosini. Huonekana kama doa dogo la ukungu, wala haitishi. Mwaka 964 mtaalamu wa Uajemi, Abd al-Rahman al-Sufi, aliliandika doa hilo kuwa wingu dogo. Mwaka 1764 Mfaransa Charles Messier aliliingiza katika orodha yake likawa la 31, ndiyo sababu mpaka leo linaitwa M31. Kwa karne nyingi watu waliliona, na hakuna aliyejua alikuwa akitazama nini.

Mara ya mwisho ulitoka nje usiku kwa kusudi la kutazama mbingu tu ilikuwa lini? Ni nini katika maisha yako ya sasa kinachokufanya utazame chini zaidi kuliko juu?

JUMATATU

Mwaminifu katika Lililo Dogo

Soma Luka 16:10 na Mithali 25:2. Mafungu haya yanasema nini juu ya kazi ndogo na juu ya kuchunguza mambo yaliyofichika?

Mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu waligawanyika. Wengine waliamini kwamba Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu wote, na kwamba mawingu kama Andromeda yamo ndani yake. Wengine walisema mawingu hayo ni galaksi nyingine, mbali sana. Tarehe 26 Aprili 1920, Harlow Shapley na Heber Curtis walizitetea pande hizo mbili mjini Washington, Marekani. Hakuna aliyeshinda, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kipimo cha kutosha cha umbali.

Lakini ufunguo wa jibu ulikuwa umekwisha kupatikana. Henrietta Leavitt, binti wa mchungaji, alikuwa mtumishi katika kituo cha kutazamia nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Masikio yake yalikuwa mazito. Kazi yake ilikuwa kukagua picha za nyota zilizopigwa kwenye vioo na kupima mwangaza wa kila nyota, kwa malipo ya senti 30 kwa saa. Aligundua kwamba nyota za aina moja, ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa zamu, zina kanuni: kadiri nyota ilivyo na nguvu zaidi, ndivyo zamu yake inavyokuwa ndefu. Mwaka 1912 kanuni hiyo ilichapishwa, ikiwa imejengwa juu ya nyota 25 tu.

Umuhimu wake unaeleweka kwa mtu aliyesimama ufukweni usiku akitazama karabai za wavuvi. Kama anajua kwamba karabai zote zina nguvu sawa, basi ile inayofifia ndiyo iliyo mbali. Leavitt aliwapa wanaastronomia karabai zenye nguvu inayojulikana.

Usiku wa kuamkia Oktoba 6, 1923, Edwin Hubble aliipiga picha Andromeda kwa darubini kubwa ya Mount Wilson, California. Aliona alama alizodhani ni nyota zilizolipuka, akaandika herufi N kando yake. Alipolinganisha na picha za zamani, aligundua kwamba mojawapo ilikuwa nyota ya aina ile ya Leavitt. Akaikata ile N, akaandika kwamba ni nyota inayobadilika. Hesabu yake ilimpa umbali wa miaka ya nuru 900,000 hivi, yaani mwendo ambao nuru ingeutembea kwa miaka yote hiyo. Andromeda ilikuwa nje kabisa ya Njia Nyeupe. Shapley alipoyapata matokeo hayo alikiri kwamba ulimwengu aliouamini umevunjika.

Hata Hubble hakuwa sahihi kabisa. Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza kwamba nyota hizo ziko za aina mbili, na umbali ukaongezeka zaidi ya mara mbili. Leo unakadiriwa kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Leavitt hakuliona hata moja kati ya hayo, kwa maana alifariki Desemba 1921.

Fikiria kazi unayoifanya pasipo kuonekana: kuandika kumbukumbu za kanisa, kufundisha watoto wa chekechea, kumuuguza mzee. Kisa cha Leavitt kinakutia moyo kwa namna gani? Na je, wewe huwa tayari kiasi gani kuikata “N” uliyoiandika kwa makosa?

JUMANNE

Kinachoshikilia Vyote

Soma Wakolosai 1:15–17 na Waebrania 1:3. Kristo alifanya nini katika uumbaji, na anafanya nini sasa?

Sayari zinazolizunguka jua hazina mwendo mmoja. Zebaki iliyo karibu na jua hukimbia kilometa 47 hivi kwa sekunde, lakini Neptuni iliyo mbali huenda kilometa 5 tu na kidogo. Kadiri sayari ilivyo mbali, ndivyo mvuto wa jua unavyoilegeza na mwendo wake kupungua. Wanaastronomia walitazamia kuona jambo hilo hilo katika galaksi: mawingu ya gesi yaliyo pembezoni yangezunguka polepole kuliko yaliyo ndani.

Mwaka 1970 Vera Rubin na mwenzake Kent Ford walitangaza vipimo vyao vya Andromeda. Mawingu ya pembezoni hayakupunguza mwendo kama ilivyotazamiwa. Yalikimbia zaidi ya kilometa 200 kwa sekunde, karibu sawa na yale ya ndani. Kwa mwendo huo, na kwa uzito wa nyota na gesi zinazoonekana peke yake, galaksi ingetawanyika kama matope yanayoruka kutoka kwenye gurudumu la baiskeli. Lakini haitawanyiki. Vipimo vya galaksi nyingine vilitoa jibu lile lile. Wengi wa wanaastronomia walihitimisha kwamba kuna maada nyingi isiyotoa nuru, ambayo hujulikana kwa mvuto wake tu. Mpaka leo hakuna aliyeishika wala kuitambua ni ya namna gani.

Hapa inatupasa kuwa waangalifu. Mhubiri anaweza kuvutwa kusema, “Hicho kisichoonekana ndicho mkono wa Mungu.” Si busara kumweka Mungu katika kila pengo la elimu, kwa sababu pengo likizibwa kesho, wasikilizaji watadhani Mungu naye ameondolewa. Paulo hasemi kwamba Kristo anashikilia yale tu yasiyoelezeka. Anasema vitu vyote vinashikamana katika Yeye. Kanuni ya uvutano tunayoielewa ni yake, na maada tusiyoielewa ni yake vilevile.

Soma Waebrania 11:3 na Ayubu 26:14. Tunajifunza nini hapa juu ya mipaka ya yale tunayoyaona?

Wanaastronomia hawakuiona maada hiyo. Waliona kazi yake, wakasadiki kwamba ipo. Huo si uthibitisho wa imani ya Kikristo, lakini unamnyamazisha anayesema kwamba mtu mwenye akili hukubali tu kile alichokiona kwa macho.

Ni nini katika maisha yako kingekuwa kimetawanyika siku nyingi, lakini kimeshikiliwa na mkono usiouona?

JUMATANO

Nuru Iliyosafiri Muda Mrefu

Soma Mwanzo 1:1–5, 14–19, Kutoka 20:11, na Ayubu 38:4–7. Kulingana na Ayubu, ni nani waliokuwapo wakishangilia misingi ya dunia ilipowekwa?

Sasa tunafika kwenye swali la mwanafunzi. Kama nuru ya Andromeda ilianza safari miaka milioni 2.5 iliyopita, wiki ya uumbaji inakaa wapi?

Tuanze na yale ambayo kanisa linasimama juu yake. Waadventista wanaamini kwamba Mungu aliuumba uhai katika dunia hii kwa siku sita halisi, si zamani za mamilioni ya miaka, akapumzika siku ya saba, na Sabato ya kila juma ni ukumbusho wa kazi hiyo. Msingi huo hautikiswi na galaksi yoyote, kwa maana umbali wa Andromeda hausemi lolote juu ya siku ambazo Mungu alizitumia kuiandaa dunia hii na kumfanya Adamu.

Je, nyota zote ziliumbwa ndani ya wiki hiyo? Hapa wanafunzi wa Biblia walio waaminifu wamesoma kwa namna zaidi ya moja. Wako wanaosema kwamba fungu la 16 la Mwanzo 1 linaweka nyota zote katika siku ya nne. Wasomi wengi wa Kiadventista wanaona kwamba fungu la 1 lazungumza juu ya mwanzo wa vyote, na kwamba siku sita zinaeleza jinsi dunia ilivyotengenezwa kuwa makao. Wanaonyesha kwamba katika fungu la 16 nyota zimetajwa kwa maneno machache sana, kama nyongeza. Na Ayubu 38 inaonyesha wazi kwamba kabla ya misingi ya dunia kuwekwa, walikuwapo wana wa Mungu walioimba. Mungu hakuanza kuumba alipotuumba sisi. Kwa usomaji huu, nuru ya kale kutoka mbali haipingani na wiki ya uumbaji.

Jibu jingine hutolewa mara kwa mara: kwamba Mungu aliumba nuru ikiwa tayari iko njiani. Mungu ana uwezo huo. Lakini tufikiri. Mnamo Agosti 1885 nyota mpya ilionekana karibu na kitovu cha Andromeda, iking’aa kiasi cha kukaribia kuonekana kwa macho matupu, kisha ikafifia katika miezi iliyofuata. Ilikuwa nyota iliyolipuka. Kama nuru ile haikutoka kwenye nyota halisi, basi watu walionyeshwa mlipuko ambao haukutokea kamwe. Je, hilo linapatana na tabia ya Mungu inayoelezwa katika Hesabu 23:19 na Tito 1:2? Swali hilo lapaswa kutufanya tuwe waangalifu kabla ya kumpa kijana jibu la haraka.

Basi mwanafunzi ajibiwe nini? Aambiwe kwamba swali lake ni zuri. Aambiwe yale ambayo Biblia inayasema waziwazi, na yale ambayo haikuyaeleza. Aambiwe kwamba hakulazimishwa kuchagua kati ya daftari na Biblia. Mwalimu anayesema “hili Biblia haikulieleza” hapotezi heshima yake. Anayejifanya anajua yote ndiye anayeipoteza, na mara nyingine hupoteza na mwanafunzi.

Je, darasa lako ni mahali ambapo kijana anaweza kuuliza swali gumu bila kuaibishwa? Kama sivyo, ni nani anayepaswa kubadilika kwanza?

ALHAMISI

Kondoo Mmoja

Soma Zaburi 8:3–6 na Waebrania 2:6–9. Daudi alishangazwa na nini? Mwandishi wa Waebrania anaupeleka wapi mshangao huo?

Mnamo Januari 2025 ilitolewa picha kubwa ya Andromeda iliyounganishwa kutokana na mamia ya picha za darubini ya angani ya Hubble, kazi iliyochukua zaidi ya miaka kumi. Ndani yake zilitambulika nyota zaidi ya milioni 200, moja moja. Hata hivyo hizo ni sehemu ndogo tu, kwa kuwa Andromeda inakadiriwa kuwa na nyota trilioni moja. Mtu akihesabu nyota moja kila sekunde, asilale wala asile, angehitaji zaidi ya miaka 31,000 kuzimaliza. Na hiyo ni galaksi moja tu.

Daudi hakuwa na darubini, naye aliona ya kutosha kuuliza binadamu ni nani hata akumbukwe. Watu wengi leo huuliza swali hilo hilo na kujijibu vibaya: ulimwengu ni mkubwa, kwa hiyo mimi si kitu. Biblia inajibu kwa njia nyingine. Katika Zaburi 147, fungu la 3 linamtaja Mungu anayewaganga wenye mioyo iliyovunjika, na fungu la 4 linamtaja Mungu anayejua nyota ziko ngapi. Mafungu hayo yamewekwa pamoja kwa kusudi. Mjane anayelia usiku hapaswi kufikiri kwamba Mungu ana shughuli nyingi mno huko juu. Anayeweza kuijua kila nyota kwa jina hawezi kulisahau jina lake.

Soma Luka 15:3–7 na 1 Wakorintho 4:9. Mifano hii inatuonyesha nini juu ya nafasi ya dunia yetu katika pambano kuu?

Mchungaji mwenye kondoo mia hakusema, “Tisini na tisa wanatosha.” Katika ulimwengu wenye galaksi zisizohesabika, sayari moja ndogo ilipotea, na Mwana wa Mungu akaifuata. Hakumtuma mwingine. Alivaa mwili wa wale waliopotea, akafa kati yao, na malaika wakitazama. Ukubwa wa mbingu haupunguzi thamani ya msalaba. Unatuonyesha jinsi Yeye aliyeshuka alivyotoka mbali.

Je, kuna mtu unayemjua ambaye anajiona mdogo mno hata Mungu asimkumbuke? Utamwambia nini juma hili?

IJUMAA

Mawazo Zaidi

Waasisi wa kanisa letu hawakuiogopa mbingu. Joseph Bates, nahodha wa zamani wa meli, aliipenda elimu ya nyota, na mwaka 1846 alichapisha kijitabu juu ya mbingu. Maandishi ya Ellen G. White yanataja malimwengu mengine ambayo hayakuanguka dhambini, yanayotazama kazi ya ukombozi hapa duniani. Astronomia haijaona viumbe hao, wala haikuundwa kuwatafuta katika Andromeda. Hilo tunalipokea kwa imani, bila kulazimisha darubini itushuhudie.

Katika juma hili tumeona watu waliotazama doa moja la ukungu kwa zaidi ya miaka elfu. Kila kizazi kilijua zaidi kidogo, na kila kizazi kilisahihishwa. Elimu ya binadamu huenda hivyo. Mwamini hana sababu ya kuidharau, wala ya kuinyenyekea kana kwamba imefika mwisho. Siku inakuja ambapo hatutaona tena kwa sehemu (1 Kor. 13:12). Siku hiyo, yule fundi aliyeviringisha mikono ya Andromeda atatambulikana kwa alama zilizo mikononi mwake.

Maswali ya Kujadili

1. Wazazi na walimu wafanye nini kijana anapoleta kutoka shuleni jambo ambalo wao wenyewe hawalielewi? Toeni mifano ya majibu yanayojenga na yanayobomoa.

2. Baadhi ya washiriki husoma nyota za magazetini “kwa kujifurahisha tu.” Kwa kutumia Kumbukumbu la Torati 4:19 na Isaya 47:13, jadilini kama kuna hatari.

3. Kuna hatari gani ya kutumia kila fumbo la sayansi kuwa uthibitisho wa Mungu? Warumi 1:20 inatufundisha njia gani iliyo bora?

4. Someni tena Ayubu 38. Mungu hakumweleza Ayubu sababu ya mateso yake, bali alimwonyesha uumbaji. Kwa nini hilo lilimtosha Ayubu? Je, lingekutosha wewe?

5. Darasa lipange jioni moja baada ya Sabato kumalizika, mawingu yakiruhusu, kutoka pamoja hadi mahali penye giza na kutazama mbingu. Mkiwa huko someni Zaburi 147 kwa mwanga wa tochi, kisha zimeni tochi na mwombe. Nani atawaalika vijana?